Kozi ya wito ya wiki kumi, kwa macho ya mtunza kumbukumbu

Barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaiandika. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, nimeikunja mara tatu na kuifungia kwenye droo ya meza yangu ya kazini, chini ya kidau cha wino wa mhuri. Ilibaki sahihi tu. Wiki hiyohiyo nikajiandikisha kwenye kozi ya kutafuta wito wa maisha, nikiamini kwamba itakapokwisha nitakuwa nimepata ujasiri wa kuitia sahihi barua ile, niondoke, nimtumikie Mungu kwa muda wangu wote.

Nafanya kazi masjala ya hospitali. Watu huniita karani; kitambulisho changu kinasema Mtunza Kumbukumbu. Nafungua majalada ya wagonjwa, nayapa namba, nayatoa kwenye rafu asubuhi kabla kliniki hazijaanza, nayarudisha jioni, nayasaka yanapopotea. Nimeifanya kazi hii miaka 17, na katika miaka yote hiyo sijamsikia mtu akisimama kanisani kutoa ushuhuda wa masjala. Wanaoitwa mbele wakawekewa mikono ni wachungaji, wainjilisti, wamisionari, na mara mojamoja daktari anayekwenda kutibu mbali. Nilipofika umri wa miaka 44 nikaanza kuamka usiku wa manane na swali moja: je, maisha yangu nimeyamalizia kwenye kupanga makaratasi? Siku Bwana atakaponiuliza nilifanya nini na pumzi aliyonipa, nitamwonyesha rafu?

Namwandikia mtu aliye pale nilipokuwa mimi. Kozi za wito siku hizi ni nyingi, na mtu mwenye kiu hunywa chochote anachopewa. Hii niliyosoma silitaji jina lake, kwa sababu nina malalamiko juu yake na waliotuendesha ni watu wa moyo mwema. Lakini mambo niliyoyakuta humo, mazuri na mabaya, utayakuta karibu katika kila kozi ya aina hii, kwa hiyo ushauri wangu utakufaa popote utakapojiandikisha.

Unachopewa ni hiki: daftari la mazoezi lenye jalada la kijani, sauti kumi za mafundisho zilizorekodiwa, kila moja kama dakika 40, kikao cha wiki cha watu wasiozidi 12, na mlezi wa kiroho unayeonana naye peke yenu mara tatu. Wanasema tenga nusu saa kila siku. Tenga saa nzima. Sauti za wiki ya pili na ya tatu zina mvumo unaomeza maneno, na nililazimika kuzisikiliza mara mbilimbili. Hayo ya vifaa yanatosha.

Wiki ya kwanza ilinipokonya swali langu. Nilikuja nikiuliza, "Nimeitiwa nini?" Mwezeshaji wetu, mzee mstaafu, akatuambia tulitazame neno lenyewe: wito ni zao la kuita. Mtu akiitwa huitika kwanza, kisha ndipo huuliza anaitiwa nini. "Ninyi," akauliza, "mmeshaitika?" Chumba kizima kikanyamaza. Akatusomea habari za Samweli, mtoto aliyesikia jina lake usiku mara tatu na kila mara akamkimbilia Eli, kwa sababu alikuwa hamjui Bwana bado. Mara ya nne ndipo akasema, "Nena, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Nilikuwa naijua hadithi hiyo tangu utotoni. Nisichokuwa nimekiona ni kwamba usiku ule Samweli hakuelezwa atakuwa nani. Alipewa habari nzito ya nyumba ya Eli, akalala nayo hadi asubuhi, akaamka akafungua milango ya nyumba ya Bwana kama siku zote. Aliitwa, akaitika, na kesho yake akashika kazi yake ya kufungua milango.

Katika wiki hiyo walitupa pia swali la kwanza la Katekisimu Fupi ya Westminster ya mwaka 1647, lile linalouliza lengo kuu la mwanadamu ni nini, na jibu lake kwamba ni kumtukuza Mungu na kumfurahia milele. Nililikariri. Linanisaidia kwa sababu hakuna cheo ndani yake, wala umri, wala mshahara. Mfungwa anaweza kulijibu na mfalme pia.

Wiki ya nne ndiyo iliyonibadilisha, na kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kozi nzima ningechagua hiyo. Walianza na Mwanzo 2:15, Mungu alipomtwaa mtu akamweka katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza". Mwezeshaji akaeleza kwamba vitenzi viwili vya Kiebrania vilivyoko hapo, avad na shamar, vinakuja tena pamoja katika kitabu cha Hesabu, sura ya 3, pale Walawi wanapopewa kazi ya kuhudumu hemani na kuvilinda vyombo vyake. Yaani lugha inayomhusu mkulima wa kwanza ndiyo lugha inayowahusu watumishi wa hema takatifu. Kazi ya mikono na kazi ya madhabahuni zilitoka kwenye maneno mamoja, na hiyo ni kabla dhambi haijaingia. Jasho na miiba vilikuja katika sura ya 3. Kazi yenyewe ilikuwapo tangu mwanzo.

Nilikuwa nimekaa na kitambulisho changu shingoni, kwa sababu nilitoka kazini moja kwa moja. Nikakishika. Mtunza Kumbukumbu. Ailime na kuitunza. Miaka 17 nimelivaa neno hilo kifuani bila kulisoma.

Zoezi la wiki hiyo lilikuwa rahisi kwa maandishi na gumu kwa kutenda: kila jioni andika jambo moja ulilolifanya kazini siku hiyo, kwa undani, kisha andika ni nani amefaidika nalo ambaye hajui jina lako. Siku ya kwanza na ya pili sikuona cha kuandika. Siku ya tatu niliandika habari ya majalada mawili.

Tuna wagonjwa wawili wanawake wenye majina matatu yanayofanana kabisa, waliozaliwa mwaka mmoja. Mmoja anakuja kliniki ya shinikizo la damu. Mwingine huja mara chache, na ndani ya jalada lake, ukurasa wa kwanza, pameandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba ana mzio wa penisilini. Asubuhi hiyo muuguzi alituma ombi la jalada akiandika majina tu, bila namba. Nilichomoa lililokuwa mbele. Nikalitazama. Nikarudi dirishani, nikamuuliza mama yule tarehe kamili ya kuzaliwa na jina la mama yake mzazi. Halikuwa lake. Nikalirudisha, nikatoa la pili, lile lenye maandishi mekundu, nikampa mhudumu apeleke. Jambo lote lilichukua kama dakika nne, na watu waliokuwa foleni nyuma yake walinung'unika kwamba nawachelewesha.

Nilipoliandika jambo hilo jioni kwenye daftari la kijani nililia. Sikuwa na huzuni. Ilinijia kwamba nimekuwa nikiuliza majina ya mama wazazi dirishani pale kwa miaka 17, watu maelfu, na sikuwahi hata siku moja kufikiri kwamba hapo namtunzia mtu uhai wake. Niliona karatasi. Mungu alikuwa anaona watu wake, na alikuwa ameniweka dirishani kwa ajili yao.

Mengine ya wiki hiyo yalikuja kukomelea msumari. Bezaleli katika Kutoka 31, fundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao, ambaye Mungu anasema amemjaza roho ya Mungu katika hekima na maarifa na kazi ya ustadi. Na kabla yake, katika Kutoka 28, wale mafundi wa kushona mavazi ya Haruni, nao wamejazwa roho ya hekima kwa ajili ya sindano na uzi. Paulo mshona mahema. Lidia muuza rangi ya zambarau. Martin Luther, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtawa, mwaka 1520 akiwaandikia watawala wa Ujerumani kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja ana kazi yake na bado wote wamewekwa wakfu sawasawa kuwa makuhani. Na ili tusidhani ni jambo la Waprotestanti peke yao, walitusomea pia sehemu ya hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, ile sura ya tano inayosema waamini wote, wa kila hali na daraja, wanaitwa kwenye utakatifu. Katika kikao chetu walikuwamo Wakatoliki watatu na mmoja akasema hajawahi kuisikia ikihubiriwa. Mimi nami sikuwahi kusikia habari za fundi viatu wa Luther.

Lakini lililoniangusha kabisa ni yule mtu wa nchi ya Wagerasi katika Marko 5. Ametolewa jeshi la pepo, amevaa nguo, ana akili zake, anamwona Yesu anapanda chomboni, anamsihi aende pamoja naye. Ombi gani zuri kuliko hilo? Ndilo ombi langu hasa: niache yote, nikufuate, nikutumikie muda wote. Na Yesu hakumruhusu. "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu." Niliposikia hayo niliwaza droo yangu.

Nisieleweke vibaya. Petro na Yohana waliacha nyavu, na kuna watu ambao Mungu anawatoa kazini kwao kweli. Kozi ililisema hilo vizuri. Iliweka pia mbele yetu Luka 3, watoza ushuru na askari wanapomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Kama kungekuwa na kazi za kuachwa, zingekuwa hizo mbili. Yohana aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari wasimdhulumu mtu na watosheke na mishahara yao. Toba yao ilikuwa irudi nao mezani kesho yake. Kwa mtu wa ofisini kama mimi, ambaye hupewa bahasha ili jalada la fulani litangulie, mahubiri hayo yanatosha mwaka mzima.

Sasa malalamiko.

Wiki ya tano walitupa kipimo cha karama. Maswali 80, unajipa alama kuanzia 0 hadi 5, unajumlisha kwa safu, unapata karama zako tatu za juu. Mimi nilitoka na ualimu, uinjilisti na uongozi. Huduma ilikuwa ya mwisho, na kurehemu ikawa ya tatu kutoka mwisho. Wiki moja tu tangu nilie juu ya jalada la yule mama, karatasi inaniambia mimi si mtu wa huruma, mimi ni kiongozi. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Baadaye ndipo nilipotambua kilichotokea: nilijibu maswali kama mtu niliyetaka kuwa, yule wa kwenye barua. Kipimo hakina njia ya kulijua hilo. Anayelijua ni muuguzi niliyefanya naye kazi miaka kumi.

Ningewaomba waandaaji waiondoe wiki hiyo, au waigeuze. Orodha za karama katika Warumi 12, 1 Wakorintho 12 na Waefeso 4 hazifanani. Paulo hakuwa anatengeneza fomu. Na katika zote tatu anazungumzia mwili, viungo vinavyofahamiana kwa kufanya kazi pamoja. Mkono haujui kuwa ni mkono kwa kujaza karatasi peke yake chumbani. Badala ya maswali 80, watume kila mshiriki akaulize watu watano wanaoishi naye na kufanya kazi naye: ni wakati gani umeona Mungu akikusaidia kupitia kwangu? Mimi niliuliza kwa hiari yangu. Wanne kati ya watano walinitajia mambo niliyokuwa nimeyasahau, na hakuna aliyetaja uongozi.

La pili ni Yeremia 29:11, ambalo limechapishwa kwa herufi za dhahabu nyuma ya daftari: mawazo ya amani, tumaini siku zenu za mwisho. Nalipenda neno hilo kama Mkristo mwingine yeyote. Lakini hawakutusomea aya inayolitangulia, inayosema miaka sabini. Barua ile iliandikwa kwa watu waliopelekwa utumwani Babeli. Mzee wa miaka 50 aliyeisomewa barua ile alijua atafia huko. Na alichoambiwa afanye kiko juu kidogo, aya ya 5 hadi ya 7: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, utakieni amani mji ule na kuuombea. Ukilisoma neno zima, tumaini lake lina kina kirefu zaidi kuliko ahadi kwamba mambo yako yatakunyokea mwakani. Kijana mmoja katika kundi letu, aliyekuwa ameachishwa kazi, aliishika aya ya 11 kama tarehe ya malipo. Ilipofika wiki ya nane bado hana kazi, akaacha kuja. Nilimpigia simu mara mbili. Hilo linaniuma mpaka leo, na nasema wazi kwamba daftari lilichangia.

La tatu ni zito zaidi. Dada mmoja, mfanyakazi wa ndani, alieleza kwenye kikao kwamba hajalipwa miezi minne. Mwezeshaji wa siku hiyo, hakuwa yule mzee, alimfungulia 1 Wakorintho 7:20, kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, akamtia moyo avumilie kwa sababu mahali pake ni wito wake. Sikunyamaza. Niliomba tusome aya ya 21, ambako Paulo anamwambia mtumwa kwamba akiweza kupata uhuru autumie. Mwenzangu mmoja akafungua Yakobo 5:4, ule ujira uliozuiliwa ambao unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ikiwa ujira wenyewe unapiga kelele, kwa nini mwenye kuudai aambiwe anyamaze? Mafundisho ya wito yamewahi kutumika hivi tangu zamani, kuwaambia walio chini wabaki chini, na kozi yoyote inayofundisha kwamba kazi ya kawaida ni takatifu inabidi ifundishe palepale kwamba dhuluma si kazi ya kawaida. Dada yule alisaidiwa na washiriki wenzake kudai haki yake. Daftari halina hata mstari mmoja juu ya jambo hilo, na hapo naona pengo kubwa.

Nirudi kwenye mazuri, maana wiki ya saba ilistahili pongezi. Ilihusu kupambanua, na mwalimu wake mkuu alikuwa Inyasi wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti. Mwaka 1521 alikuwa askari, akavunjwa mguu na mzinga kule Pamplona. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa wa vita, hapakuwa navyo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akagundua jambo dogo: akiota habari za ushujaa na za mabibi wa ikulu alifurahi, lakini baadaye moyo ulibaki mkavu, akiwaza kuishi kama watakatifu alifurahi, na furaha ikabaki. Akaanza kufuatilia ladha inayobaki baada ya wazo kupita. Kutokana na hapo yalizaliwa mafundisho yake ya mazoezi ya kiroho, ambayo Papa Paulo wa Tatu aliyaidhinisha mwaka 1548.

Kanuni yake moja mlezi wangu aliniandikia kwa mkono wake: wakati wa ukiwa wa roho, yaani moyo unapokuwa mkavu na mzito, usibadilishe uamuzi uliouweka ulipokuwa na amani. Kisha akaniuliza, "Dada, ile barua uliiandika lini?" Sikukumbuka. Kesho yake nikafungua droo nikatazama tarehe. Niliiandika siku moja baada ya kugombezwa mbele ya watu kwa jalada lililopotea, jalada ambalo halikupotelea mikononi mwangu, na ambalo lilionekana siku tatu baadaye kwenye wodi. Miezi yote nilikuwa naiita barua ile mwitikio wangu kwa Mungu, na mimi niliandika nikiwa nimeumizwa. Mlezi hakuniambia niichane. Aliniambia niiache palepale, nimwombe Bwana kwa siku 30 nikiwa mtulivu, nitazame ni ladha gani inabaki. Mlezi wa namna hiyo ana thamani kuliko daftari na sauti zote kumi. Ukitafuta kozi, uliza kwanza swali hili: nitapata mtu wa kunisikiliza peke yangu, na amefunzwa na nani?

Lililobaki ni la mama yangu, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mama alipata kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia hauna nguvu, na maneno yamebaki machache sana. Wakati wa kozi nilikuwa nasikiliza zile sauti usiku nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake. Wiki ya tisa, inayohusu kuacha alama duniani, mwalimu anasema kwa sauti ya furaha kwamba kama bado unapumua, basi bado una kazi ya kufanya. Nikamtazama mama. Anapumua. Hawezi kushika kijiko. Alikuwa mwalimu wa Shule ya Jumapili miaka mingi, sasa hawezi kutamka jina la Yesu likatoka lote. Nilizima simu haraka nikitumaini hakuwa amesikia.

Ikiwa wito wa mwanadamu ni kazi anayoifanya, hata iwe takatifu namna gani, basi wa mama umekwisha. Mimi siamini hivyo, na kozi iliyofundisha vizuri sana katika wiki ya kwanza haikutakiwa kusahau katika wiki ya tisa. Mwanzo 1:27 mtu anaumbwa kwa mfano wa Mungu. Amri ya kuitiisha nchi iko katika aya ya 28. Mfano umetangulia kazi. Tena mtu aliumbwa siku ya sita, na siku kamili ya kwanza aliyoamkia ilikuwa ile Mungu aliyostarehe. Hakuwa amelima hata jembe moja.

Lililonifariji zaidi nililipata mwenyewe katika Yohana 21. Yesu anamwambia Petro kwamba alipokuwa kijana alijifunga mwenyewe na kwenda atakako, lakini akiwa mzee atainyosha mikono yake na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka. Yohana anaeleza kwamba hiyo ilikuwa habari ya kifo chake. Kisha, mara tu baada ya maneno hayo, Yesu anamwambia, "Nifuate." Ni neno lilelile alilomwitia kwenye nyavu alipokuwa na nguvu zake zote. Anamwita tena, sasa akiwa amemwonyesha siku ambayo hataweza kujivika nguo. Kumbe mtu anaweza kumfuata Bwana akiwa amebebwa.

Kila asubuhi kabla sijaenda kazini namvika mama. Naanza na mkono ulioumia, naupitisha polepole kwenye mkono wa gauni, nashikilia kiwiko usikunjike. Kisha namwambia, "Mama, nipe ule mwingine." Ananyoosha mkono wa kushoto, yeye mwenyewe, na vidole vyangu vinapotokea upande wa pili wa kitambaa anavibana. Kila siku anavibana. Zamani nilikuwa naharakisha ili nisichelewe. Siku hizi nasimama hapo hadi aviachie.

Kwa hiyo je, nakushauri uisome kozi ya namna hii? Kama una kazi na unaidharau, ndiyo, na wiki ya nne isikilize mara tatu. Kama huna kazi, isome ukiwa na mtu wa karibu wa kukushika, na Yeremia 29 uisome yote. Kama unadhulumiwa, tafuta kwanza mtu wa kukusaidia kudai haki yako, mafundisho yatakungoja. Kipimo cha karama kiruke. Kama unamuuguza mtu, au wewe mwenyewe ndiye uliye kitandani, kozi hii haikuandikwa kwa ajili yako, na hilo ni kosa lao, halina uhusiano na thamani yako mbele za Mungu.

Siku zangu 30 zilikwisha. Barua bado iko droani, haina sahihi, na sijaisogelea tangu hapo isipokuwa kuchukua wino. Niliwaandikia waandaaji nikiomba waongeze wiki ya kumi na moja, ya wagonjwa, wazee na wanaowatunza. Wamenijibu kwamba hawana mtu wa kuiandika, je, naweza kuanza mimi? Nimefika ukurasa wa tatu. Naandika usiku, mama akiwa amelala, na nimeanza na Zaburi 71: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache."